Ulinzi wa Makombora au Kujikinga na Makombora? Maneno ya Sheria ya Marekani ya 1999

Mfasiri anayeletewa sheria ndefu hulalamikia urefu wake, lakini zipo sheria fupi zinazomsumbua zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1999 kuhusu mfumo wa taifa wa kujikinga na makombora ni mojawapo. Ukiacha kifungu cha kwanza, ambacho hutaja jina la sheria tu, vinabaki vifungu viwili, na kila kimoja ni sentensi moja. Maandishi yote hayajazi hata ukurasa mmoja. Hata hivyo sentensi ya kwanza kati ya hizo mbili ilibishaniwa kwa miaka, na kila neno lililomo liliwekwa kwa hesabu. Sheria hii hutajwa mara kwa mara katika taarifa za habari, katika vitabu vya siasa ya dunia na katika maandishi ya ofisi za serikali. Kila inapotafsiriwa kwa Kiswahili hupewa jina jingine na, jambo lililo baya zaidi, maana nyingine. Katika makala hii tunakusudia kuyapima maneno yake makuu na kueleza ni kwa nini baadhi ya tafsiri zilizokwisha kuzoeleka hazifai.

Tuanze na jina. Linaloandikwa mara nyingi ni "mfumo wa ulinzi wa makombora". Kosa la jina hili ni la sarufi kabla ya kuwa la istilahi. Kihusishi cha -a kina kazi nyingi katika Kiswahili, lakini kinapofuata nomino iliyotokana na kitenzi, kama vile ulinzi, mara nyingi huonyesha kile kinachotendewa. Ulinzi wa mipaka ni kuilinda mipaka. Ulinzi wa mali ya umma ni kuilinda mali ya umma. Basi ulinzi wa makombora, kwa msomaji asiyekuwa na habari nyingine, ni kuyalinda makombora yasiibwe wala yasiharibiwe. Kiingereza huweza kuyaweka maneno mawili sambamba pasipo kiungo chochote na kumwachia msomaji atambue uhusiano wake. Kiswahili hakina njia hiyo ya mkato. Hututaka tuseme ni kitu gani kinacholindwa, na kinalindwa dhidi ya nini.

Huenda mtu akasema kwamba msomaji ataelewa tu. Tungekubali, kama huo ulinzi wa makombora kwa maana yake halisi usingekuwapo duniani. Lakini ulikuwapo. Tarehe 14 Machi 1969 Rais Richard Nixon alitangaza mfumo ulioitwa Safeguard, na shabaha yake ya kwanza haikuwa kuikinga miji wala raia. Shabaha ilikuwa kuyalinda makombora ya Marekani yenyewe, yale ya aina ya Minuteman yaliyokuwa yamewekwa ndani ya mashimo ardhini, ili adui akitangulia kupiga yabaki mengine ya kumjibu. Jambo hilo lilizua ubishi mkubwa. Tarehe 6 Agosti 1969 kura za Seneti juu ya pendekezo la kuuzuia mfumo huo ziligawanyika 50 kwa 50, na Makamu wa Rais Spiro Agnew akaongeza yake upande wa kuupinga uzuiaji huo. Anayeandika habari za 1969, basi, ana haki ya kusema "ulinzi wa makombora". Anayeandika habari za 1999 hana haki hiyo, kwa sababu sheria ya 1999 inazungumzia kitu cha pili kabisa, yaani kuikinga ardhi ya nchi nzima.

Tofauti hii ndiyo iliyokuwa kiini cha mkataba uliotiwa saini mjini Moscow tarehe 26 Mei 1972 na Nixon pamoja na Leonid Brezhnev. Kifungu cha kwanza cha mkataba huo kilizikataza Marekani na Muungano wa Kisovieti kuweka mfumo wa kuikinga ardhi yote ya nchi dhidi ya makombora ya balistiki. Kila upande uliruhusiwa sehemu mbili tu zenye kinga, na mwaka 1974 itifaki ya nyongeza ikazipunguza zikawa sehemu moja, yenye makombora ya kutungulia yasiyozidi 100. Hoja ya mkataba ilikuwa hii: aliye wazi kwa pigo la mwenzake ataogopa kuanza vita, lakini aliyejifunika huenda akashawishika kupiga, na mwenzake, kwa kuhofia hivyo, ataunda makombora mengi zaidi ili aushinde mfuniko huo. Wasovieti waliichagua Moscow, mji wao mkuu. Wamarekani walichagua North Dakota, ambako hakuna mji mkubwa, bali mashimo ya Minuteman. Kituo hicho kilianza kazi kamili tarehe 1 Oktoba 1975. Siku ya pili yake Baraza la Wawakilishi likapiga kura kifungwe, na mwaka 1976 kikaachwa.

Kwa hiyo tunapokuta katika sheria ya 1999 maneno yenye maana ya "kuikinga ardhi ya Marekani", tujue kwamba tunasoma kwa makusudi kabisa jambo lile lile ambalo mkataba wa 1972 ulikuwa umelikataza. Mfasiri anayetumia "ulinzi wa makombora" kwa yote mawili huufuta mgongano huo, na msomaji wake hawezi kuelewa kwa nini Moscow ilikasirika.

Sisi tunapendekeza "mfumo wa taifa wa kujikinga na makombora". Tumechagua kukinga badala ya kulinda kwa sababu ya maana yenyewe. Kulinda ni kukesha juu ya kitu. Mlinzi hulinda hata usiku ambao mwizi hakuja. Kukinga ni kukizuia kinachokuja: mtu hukinga pigo kwa mkono, hujikinga na jua kwa mwavuli, na hukinga maji ya mvua kwa ndoo yanapoporomoka kutoka paani. Kitendo cha kulizuia kombora likiwa njiani ni cha kundi hili. Wizara ya Ulinzi na ibaki na jina lake, kwani kazi yake ni pana zaidi. Neno "ngao", linalopendwa na waandishi wa habari, tungeomba lisiingizwe katika maandishi rasmi. Ngao humfunika aliyeishika, na humfanya msomaji adhani kwamba hakuna kitakachopenya. Sheria yenyewe haikudai hivyo, kama tutakavyoona.

Sasa tuliangalie neno kombora. Kamusi za zamani zililieleza kuwa ni bomu, au risasi kubwa ya mzinga, kitu kinachorushwa na kulipuka. Baadaye lilipanuliwa likachukua maana ya silaha inayojiendesha kwa injini yake na kuongozwa mpaka kwenye shabaha. Upanuzi huu umekubalika na hatuoni sababu ya kuutengua. Lakini kombora sharti litofautishwe na roketi. Roketi ni chombo kinachosukumwa na gesi ya moto. Huweza kubeba silaha na huweza kubeba kitu kisichomdhuru yeyote. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, roketi ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitalia, baharini karibu na Malindi, ikapeleka angani setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei, na setilaiti hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mtu akiandika kwamba kombora lilirushwa Malindi ataeleweka vibaya, na huenda akatakiwa kujieleza.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa tarehe 31 Agosti 1998. Siku hiyo Korea ya Kaskazini ilirusha chombo kilichopita juu ya Japani. Serikali ya Pyongyang ilisema kuwa imepeleka setilaiti. Marekani na Japani ziliona jaribio la kombora la masafa marefu. Tukio hilo, pamoja na ripoti ya tume ya Donald Rumsfeld iliyokuwa imetolewa mwezi Julai mwaka huo huo, ndilo lililowapa nguvu waliotaka sheria ya 1999. Mfasiri aandikeje? Akiandika "kombora" pasipo maelezo, amekwisha kuamua kesi upande mmoja. Akiandika "roketi", huenda wengine wakasema ameamua upande wa pili. Kwa maoni yetu "roketi" ndilo neno salama zaidi, kwa kuwa pande zote mbili zilikubali kwamba kilichoruka kilikuwa roketi; ubishi ulihusu kilichobebwa na kusudi lake. Kisha kila upande unukuliwe kwa neno lake.

Sheria inataja kombora la balistiki, na hapa pana kosa lililozoeleka hata likaonekana kuwa sahihi, nalo ni kutafsiri "balistiki" kwa "masafa marefu". Balistiki haihusu urefu wa safari bali namna ya kusafiri. Kombora la namna hii husukumwa na injini dakika chache za mwanzo tu. Injini ikizimika huendelea kwa kasi liliyokwisha kuipata, likipanda na kushuka kwa nguvu za mvutano wa dunia, kama jiwe lililorushwa kwa kombeo. Kombora la Scud, ambalo aina yake iliyoenea hufika kiasi cha kilomita 300, ni la balistiki ingawa si la masafa marefu. Kwa upande mwingine yapo makombora yenye mabawa, yanayoruka chini chini kama ndege huku injini ikiwaka njia nzima. Hayo huweza kwenda mbali sana na si ya balistiki. Sheria ya 1999 haikuyagusa hayo ya pili kabisa. Tukiandika "makombora ya masafa marefu" tumeongeza ambayo sheria haikuyasema na kupunguza iliyoyasema. Neno balistiki tulipokee kama lilivyo, na pale msomaji anapohitaji msaada tumweleze mara moja kwa mfano wa kombeo.

Kombora linalotumwa kulipiga jingine angani tunaliita kombora la kutungulia. Kitenzi kutungua kilikuwa cha watu wa embe na nazi kabla hakijawa cha askari, na sasa "kutungua ndege" ni usemi wa kila siku. Ieleweke tu kwamba makombora ya kutungulia ya mfumo huu hayabebi baruti. Sehemu yake ya mbele hukigonga kichwa cha kombora la adui nje ya angahewa na kukivunja kwa nguvu ya mgongano peke yake. Kugongana kwenyewe ni kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, na adui aweza kuachia maputo ya kudanganyia yaruke pamoja na kichwa halisi. Ugumu huo ndio unaofanya maneno yanayofuata yawe na maana.

Kitenzi kikuu cha sheria ni kile ambacho Kiingereza hukiita deploy. Tumekiona kikitafsiriwa kuwa kujenga, kuunda, kusambaza na hata kupeleka. Kusambaza hufaa kwa mbegu na mbolea. Kuunda ni kosa zito zaidi, kwa sababu serikali ya Rais Bill Clinton ilikuwa tayari inaunda. Tangu 1996 ilifuata mpango wa miaka mitatu ya kuunda na kujaribu, kisha uamuzi, kisha miaka mitatu mingine ya kuuweka mfumo kazini endapo ingeamuliwa hivyo. Wabunge walioandika muswada, akiwamo Seneta Thad Cochran wa Mississippi, walitaka kuitoa ile "endapo". Ugomvi wote, basi, ulikuwa kati ya kuunda na kile kitendo kinachofuata. Tunapendekeza kusimika. Husimikwa nguzo na minara, na kiongozi husimikwa katika cheo. Kitu kikisimikwa kimewekwa mahali pake kifanye kazi yake. Makombora ya mfumo huu, yanayokaa wima ndani ya mashimo, yanalifaa neno hili hata kwa sura.

Lakini sheria haikuamuru kusimika. Ilisema kwamba kusimika ni sera ya Marekani. Mara nyingi tumesoma kwamba Bunge la Marekani "liliiagiza Serikali ijenge" mfumo huo. Hakuna agizo. Sheria haikutaja tarehe, wala idadi ya makombora, wala mahali. Ilitofautiana katika hili na sheria ya 1991, iliyotungwa baada ya Vita vya Ghuba, ambayo iliutaja mwaka 1996 kuwa shabaha. Seneti iliupitisha muswada tarehe 17 Machi 1999 kwa kura 97 dhidi ya 3, na wingi wa namna hiyo usingepatikana kwa agizo lenye meno. Toleo la mwisho lilipitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 20 Mei kwa kura 345 dhidi ya 71, na Clinton alitia saini tarehe 22 Julai. (Wasomaji wetu wa Zanzibar watuwie radhi kwa jina Baraza la Wawakilishi, katika maandishi yanayohusu nchi zote mbili ni lazima kuongeza "la Marekani".)

Sasa tunafika kwenye maneno ambayo, kwa maoni yetu, yameharibiwa kuliko yote. Sheria ilisema mfumo usimikwe mara itakapowezekana kiteknolojia. Wafasiri wengi huandika "haraka iwezekanavyo". Usemi huu umezoeleka katika barua za ofisi kiasi kwamba hujiandika wenyewe, na maana yake imebaki kuwa "tafadhali usichelewe". Katika sheria hii, maneno hayo si ya kuhimiza tu. Yanaweka sharti, tena moja tu. Clinton alikuwa amesema kwamba uamuzi wake utategemea mambo manne: ukubwa wa tishio, gharama, uwezo wa teknolojia, na athari kwa usalama wa taifa pamoja na mikataba ya kupunguza silaha. Sentensi ya sheria iliyashika mojawapo, teknolojia, na kuyanyamazia matatu. Mfasiri anayeandika "haraka iwezekanavyo" humnyima msomaji lile moja lililotajwa, na hivyo humzuia asiyaone yale matatu yaliyoachwa.

Tena kuna ibara ya fedha, iliyoongezwa wakati wa mjadala, isemayo kwamba matumizi yatategemea idhini ya kila mwaka na mgawo wa fedha wa kila mwaka. Kwa mfasiri wa kwetu maneno haya mawili huonekana kama kurudia jambo moja, naye hufupisha. Asifupishe. Katika Bunge la Marekani sheria moja huruhusu mradi uwepo na kuuwekea kiwango, na sheria nyingine ndiyo hutoa fedha zenyewe; mradi huweza kuruhusiwa na usipate hata senti. Zaidi ya hayo, ibara hiyo ndiyo aliyoishika Clinton alipotia saini. Alieleza kwamba, kwa kuwa usimikaji wowote utategemea idhini na mgawo huo, ni wazi kuwa uamuzi wa kusimika haujafanywa. Baada ya majaribio mawili ya mwaka 2000, la Januari na la Julai, kukosa shabaha, alitangaza tarehe 1 Septemba 2000 kwamba anamwachia Rais atakayemfuata. Mtu aliyesoma katika tafsiri kwamba Bunge liliagiza ujenzi haraka iwezekanavyo angemdhania Clinton kuwa amevunja sheria.

Aliyemfuata, George W. Bush, alitangaza tarehe 13 Desemba 2001 kwamba Marekani inajitoa katika mkataba wa 1972, na kujitoa huko kukatimia tarehe 13 Juni 2002. Kombora la kwanza la kutungulia lilisimikwa Fort Greely, Alaska, tarehe 22 Julai 2004, miaka mitano kamili tangu sheria kutiwa saini. Mengine yaliwekwa Vandenberg, California, na kufikia mwisho wa 2017 yalikuwa 44 kwa jumla.

Limebaki neno dogo: shambulio lililokusudiwa. Sheria ilisema mfumo uwe na uwezo wa kujikinga na shambulio "lenye kikomo", liwe la ajali, lisiloidhinishwa au la makusudi. "Shambulio dogo" halifai, kwa kuwa kombora moja la nyuklia likiangukia mji si jambo dogo kwa yeyote. Tunapendelea "shambulio la makombora machache", kwa sababu kinachopimwa ni idadi. Neno hilo ndilo lililobeba ujumbe kwa Urusi, yenye makombora mengi, kwamba mfumo haukuilenga. Kifungu cha mwisho, kinachosema ni sera ya Marekani kuendelea kutafuta mapatano ya kupunguza silaha za nyuklia za Urusi, kilikwenda sambamba nalo. "Lisiloidhinishwa" nalo lisigeuzwe kuwa "haramu": linahusu ofisa anayerusha kombora pasipo amri ya wakubwa wake, si uhalali wa vita.

Tukiyakusanya hayo, kifungu cha pili tungekitafsiri hivi: Ni sera ya Marekani kusimika, mara itakapowezekana kiteknolojia, mfumo wa taifa wa kujikinga na makombora, wenye kufanya kazi ipasavyo na uwezo wa kuikinga ardhi ya Marekani dhidi ya shambulio la makombora machache ya balistiki (liwe la ajali, lisiloidhinishwa au la makusudi), na fedha za mfumo huo zitategemea idhini ya matumizi ya kila mwaka na mgawo wa fedha wa kila mwaka.

Anayeinukuu sheria hii leo aseme "ilisema", kwani kifungu hicho kilifutwa Desemba 2016 katika sheria ya matumizi ya ulinzi ya mwaka wa fedha wa 2017. Katika sera iliyoshika nafasi yake neno la "machache" halimo, na mfumo umeelezwa kuwa imara na wenye tabaka kadhaa. Hilo la tabaka tungependa liwe "safu kadhaa", kwa sababu "mfumo wa matabaka" katika Kiswahili chetu humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye mabwanyenye na makabwela.

Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya mfumo mpana zaidi, ambao baadaye uliitwa Golden Dome, na Julai mwaka huo Bunge likautengea karibu dola bilioni 25. Magazeti yanaandika "Kuba la Dhahabu". Kama tafsiri ya jina halina kosa. Lakini amri ya Rais isiitwe sheria, na jina hilo lisichanganywe na kuba la Israeli, ambalo lilianza kazi mwaka 2011 kwa ajili ya roketi za masafa mafupi, na ambalo halikuundwa kwa makombora yanayovuka mabara.